Mlango wa Kushoto

Mume wangu alipoleta gari nyumbani, mama yangu hakuja kuliona. Alituma salamu kutoka Zinga kwamba amesikia, kwamba anamshukuru Mungu, na kwamba yeye miguu yake bado inafanya kazi. Salamu hizo nilitakiwa nizifikishe mimi, kwa sababu tangu nilipoolewa mama hakuwahi kumsemesha mume wangu hata neno, wala mume wangu hakuwahi kumsemesha mama. Usidhani walikuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, na heshima ya mtu na mama mkwe wake, kwa watu wa kwetu siku zile, ilichosha kuliko ugomvi. Hawakukaa mkeka mmoja, hawakutazamana usoni, mmoja hakula mbele ya mwenziwe, na kila walichotaka kuambiana kilipita kwangu. Mama husema, "Mwambie mumeo karibu," naye mume wangu amesimama pale pale, anasikia vizuri kabisa. Mimi nageuka namwambia, "Mama anasema karibu." Naye ananiambia, "Mwambie mama starehe." Wanasema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba hachoki.

Nilichoka zaidi nilipopata mimba. Kwetu mimba ya kwanza ni ya kwao mwanamke. Tumbo likishakuwa kubwa, binti hurudi kwa mama yake akajifungulie mikononi mwake, na mume hubaki nyumbani kula wali wa kuungua mpaka aitwe kuona mtoto. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mama, hivyo ndivyo nilivyozaliwa mimi. Lakini mume wangu alikuwa karani wa forodhani, mtu wa maelezo. Ukimwambia mvua inanyesha, atakueleza kwa nini. Alikuwa ameamua kwamba mtoto wake atazaliwa hospitali, hapo hapo Bagamoyo, na alikuwa na sababu moja ambayo hata yeye hakuieleza kwa sauti. Dada yangu, tumbo moja, alifariki akijifungua, nyumbani kwa mama, kabla mimi sijaolewa.

Kwa mume wangu hilo lilitosha nisipelekwe Zinga. Kwa mama nalo lilitosha, ila kwa upande wa pili: aliyebaki hatamtoa machoni pake. Habari za dada hazikuzungumzwa nyumbani kwetu. Tulisema siku zake zilifika, basi, na aliyetaka kuongeza neno alitumwa maji kisimani.

Na mimi nilitaka nini? Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nasema sasa. Nilikuwa naogopa. Nilitaka hospitali kwa sababu ya dada, na nilitaka mama akae kichwani kwangu kwa sababu ya dada huyo huyo. Vitu hivyo viwili havikuweza kupatikana pamoja mpaka watu wawili wazungumze, na hao watu wawili walikuwa wanaheshimiana.

Sasa gari. Lilikuwa dogo, la milango miwili, la rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao, akamwachia mume wangu kwa bei ambayo mume wangu aliiita bahati. Muuza duka jirani yetu naye aliiita bahati, ila alisema ni ya Mzungu. Kiti cha dereva kilikuwa kimekazwa chini kwa skrubu, hakikunjiki, kwa hiyo abiria wa nyuma hakuwa na njia ila mlango wa kushoto. Na kitasa cha mlango wa kushoto kilikuwa na tabia. Siku kikiamka vizuri hufunguka kwa kidole. Siku nyingine mlango husukumwa, huvutwa, hupigwa ngumi mahali fulani chini ya kishikio, ndipo ukubali. Kioo chake kilikuwa kimeteremka upana wa kiganja kikagoma hapo, hakipandi wala hakishuki. Mume wangu alinieleza kuhusu ulimi wa kitasa na springi yake. "Hakijaharibika," alisema. "Kimezoea mkono wa mwenyewe." Mwenyewe alikuwa amekwisha panda meli.

Mama alipotuma neno kwamba anakuja kunichukua, mume wangu alifikiri kutwa nzima, kisha akaja na hila. Tusimngoje. Twende sisi tukamchukue yeye, kwa gari, aje akae nasi siku chache, aone hospitali ilivyo karibu. Aliamini kwamba mtu akishapanda gari lako hawezi tena kubishana nawe. Mimi namjua mama, nikanyamaza.

Ilikuwa kipupwe, zile asubuhi ambazo watu wa pwani tunajifunga kanga juu ya kanga na kusema tunakufa kwa baridi. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukafika Zinga umande bado uko kwenye majani. Mlango wa kushoto ukafanya mambo yake. Mume wangu alizunguka, akavuta, akapiga ngumi, huku akitabasamu kama mtu ambaye jambo hilo liko katika mpango. Mama alikuwa amesimama kizingitini, kanga ameivuta mpaka puani.

"Mwambie mumeo," akasema, "mlango huo una kiu."

Akaingia jikoni akatoka na chupa yake ya mafuta ya nazi, aliyokuwa ameiweka karibu na mafiga ipate joto. Akaja akamimina ndani ya kitasa kama anavyopaka kichwa cha mtoto, bila ubahili, mpaka mafuta yakachuruzika mlangoni. Mume wangu akajaribu tena. Mlango ukafunguka kimya kimya, kwa adabu. Sijapata kuuona ukifunguka vile, kabla wala baadaye.

"Mwambie mumeo kitu kikavu hakifunguki."

"Mwambie mama ahsante," akasema mume wangu, na nilisikia jinsi neno lenyewe lilivyomkwama.

Mama akapanda nyuma, pamoja na kuku wake ndani ya kikapu na mfuko wa mchele. Mimi nikakaa mbele. Wanawake wa jirani wakaja kumuaga, wakaufunga mlango kwa nguvu zao zote za mapenzi. Njia nzima upepo wa baridi uliingia kwenye ile nafasi ya kioo, na njia nzima hakuna aliyesema kitu, isipokuwa kuku.

Tulipofika nyumbani mume wangu alishuka haraka, akazunguka gari, akashika kishikio cha kushoto kama dereva wa gavana. Akavuta. Akavuta tena. Akapiga ngumi mahali pake pa siku zote, kisha akapiga mahali pengine papya. Baraza ya nyumba ya mbele ilikuwa imejaa wanaume wenye vikombe vya kahawa. Wote walinyamaza kwa pamoja, na mtu aliyekulia mtaa wetu anajua maana ya ukimya ule.

Mimi nilitoka kwa upande wa dereva, nikiburura tumbo chini ya usukani, na honi ikalia kila nilipovuta pumzi. Nilipofika chini salama nikamwambia mama apite njia hiyo hiyo.

Mama alinitazama kama nimetukana. Mama yangu alikuwa kungwi. Wanawali wa Zinga nzima walipitia mikononi mwake, akawafunda namna ya kukaa, namna ya kuinuka, namna ya kupita mbele ya watu bila kuacha gumzo nyuma. Mtu huyo leo apande viti kwa magoti, aupe usukani mgongo, atoke matako mbele, wanaume wa baraza wakitazama! Na hilo halikuwa kubwa kuliko yote.

"Mwambie mumeo," akasema, "sipiti kitini kwake. Kiti bado kina joto lake."

Nikamwambia mume wangu. Akainamisha kichwa. Kwa jambo hilo hakuwa na maelezo, maana na yeye ni mtu wa kwetu.

Basi mama akahamia kiti cha mbele nilichokuwa nimekaa mimi, akaweka kuku mapajani, akangoja. Na watu wakaja. Wa kwanza alikuwa muuza duka, na mafuta ya nazi. Kwetu hakuna kinachokwama kisichopakwa mafuta ya nazi: pete, shingo, mtoto, mlango. Chupa yake ilikuwa nyeupe kwa baridi, mafuta yameganda kama samli, akayachokoa kwa kijiti akayasokomeza ndani ya kitasa. Akaja seremala wa milango, mtu aliyeheshimika sana kwa milango ya misikiti, akasema ugonjwa uko kwenye bawaba, ing'olewe bawaba. Ikaonekana bawaba iko ndani, mtu hafiki kwenye skrubu zake mpaka mlango uwe wazi. Seremala akasema basi aliyelitengeneza gari hakuwa seremala, akarudi kwenye kahawa yake. Mwingine akaleta mafuta ya nazi. Mwingine akashauri atolewe kuku kwanza, tuone. Kila mmoja alipaka, kila mmoja alivuta, na kila mmoja alipoondoka kitasa kilikuwa kimeshiba zaidi.

Mume wangu alileta bisibisi na koleo. Akagundua, au alisema amegundua, kwamba kitasa kile kinahitaji mikono miwili: mmoja uvute kishikio cha ndani, na mwingine usukume ulimi kwa bisibisi kutoka nje, wakati mmoja.

"Mwambie mama avute," akasema, akasukuma.

"Mama, vuta," nikasema.

Mama akavuta. Mume wangu alikuwa amekwisha acha kusukuma.

"Mwambie mumeo nimevuta."

"Amevuta."

"Mwambie avute tena."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kitasa kilitaka watu wawili wafanye jambo moja kwa pamoja, na sisi tulikuwa watatu. Nilipowaambia kwamba wanasikiana, kwamba kati yao kuna bati la mlango tu na kioo kilicho wazi, wote wawili walitazama pembeni. Nikapandwa na hasira. Miguu ilikuwa imenivimba, jua limeanza kupanda, na mimi nimesimama barabarani kwa tumbo lile, nabeba maneno hatua moja kutoka mdomo mmoja kwenda sikio moja. Nikasema naingia ndani. Sikungoja ruhusa.

Jikoni nilichukua chupa yangu ya mafuta ya nazi nipake miguu. Nikaipindua juu ya kiganja. Hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu, kama yalivyo kila asubuhi ya kipupwe, kama kila mwanamke wa pwani ajuavyo tangu utoto. Nilisimama nikiitazama chupa ile. Mama aliyamimina yakiwa ya moto, yakashuka mpaka ndani kabisa ya kitasa. Kisha tukayapeperusha kwa upepo wa alfajiri kutoka Zinga mpaka Bagamoyo. Na waungwana wa mtaa wakaja wakaongeza mengine juu yake. Kitasa hakikuwa kibovu kuliko jana. Tulikuwa tumekigandisha kwa wema.

Nikabandika birika. Maji yalipopata moto nikalibeba, nikiwa nimejiandaa kutembea kati ya watu kama mtume. Nilipofika ukumbini nikaona mlango wa mbele uko nusu wazi, na barabara imekuwa tupu. Wanaume wa baraza walikuwa wamechoka na mchezo wakaenda sokoni. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya gari, na nikasikia sauti ya mama.

"Ewe kuku," mama alikuwa akisema, "aambiwe mwenye gari, nikisema haya, ndipo asukume."

Mume wangu hakuinua uso. "Mlango huu," akakijibu kitasa, "unaomba uvutwe polepole, usiachiwe."

"Kuku amesikia. Haya!"

Nikajishika mdomo. Kidogo nijimwagie maji ya moto. Walivuta na kusukuma, kuku akipokea amri na mlango ukitoa shukrani, na nikawa nangoja wachoke ndipo nitoke na birika langu. Wakachoka. Nikainua mguu kutoka nje.

"Huko hospitali," mama akasema, na safari hii hakumtaja kuku. "Mama wa mzazi huwa anaruhusiwa kuingia?"

Mguu wangu ukabaki pale pale kizingitini. Nilijua kitakachofuata. Mume wangu angeeleza. Alikuwa na maelezo ya hospitali ile kuanzia msingi wake mpaka paa, nilikuwa nimeyasikia kila usiku kabla ya kulala.

"Sijui, mama," akasema. "Sikuwahi kuuliza."

"Kaulize, baba. Maana mimi siwezi kuwekwa nje ya mlango. Yule mwenzake nilikuwa naye ndani tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mume wangu aliinamia kitasa. Alikuwa ameshika bisibisi, lakini hafanyi nayo kazi.

"Alishikwa alfajiri," mama akaendelea. "Mchana nikaona mambo yameharibika, nikatuma watu barabarani wasimamishe gari lolote, wamlete huku. Lilipita lori la mkonge, halikusimama. Hakikupita kitu kingine. Tukakaa naye mpaka jua likachwa."

Kuku akalia ndani ya kikapu. Mama akamtuliza kwa mkono, nikauona mkono wake kwenye kioo.

"Gari, baba. Hata bovu kama hili lako."

Sikutoka. Nilirudi jikoni, nikaweka birika chini, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi nikalia. Nililia kwa ajili ya dada, na pia nililia kwa hasira, nisidanganye. Mimi ndiye mwanawe. Mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na marehemu. Siku ile nilikuwa kwa shangazi, na tangu nilipoletwa msibani nilikuwa naambiwa siku zake zilifika, nikaamini kwamba mama alikaa akazingoja zifike. Kumbe alituma watu barabarani. Jambo hilo hakunipa mimi, amempa mwanamume asiyeweza kumtazama usoni, kupitia nafasi ya kiganja kimoja, tena akiwa amefungiwa ndani hana pa kwenda. Baadaye, nilipokuwa na binti zangu nao wakawa na matumbo, ndipo nilipoelewa kwa nini mimi asingeweza kuniambia. Lakini siku ile niliona wivu.

Mlango ulifunguka wenyewe. Jua lilikuwa limeushika upande wa kushoto, bati likapata moto, na mama aliegemea tu kuinuka kidogo kupumzisha mgongo. Mlango ukampisha, nusura atoke na kuku wake pamoja. Mume wangu aliruka nyuma asimguse. Mama akajishikiza, akavuta kanga yake usoni, akashuka kwa mwendo ule ule anaowafundisha wanawali, akaingia ndani akauliza kwa nini maji yamechemka na hakuna chai.

Watu waliporudi kutoka sokoni kila mmoja alijua sababu. Muuza duka alisema ni mafuta yake. Seremala alisema ni bawaba, imejirudi. Mume wangu alieleza habari za bisibisi, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa akiwaeleza wageni namna ulimi wa kitasa unavyotii ukishinikizwa kwa pembe. Nilimwacha aeleze. Na mama sikumwambia habari ya mafuta yake.

Mchana ule mume wangu alikwenda hospitali kuuliza. Alirudi na jibu kwamba mkunga wa pale amesema inategemea.

"Mwambie mumeo," mama akaniambia, kwa kuwa mbele ya watu mambo yalikuwa yamerudi kama zamani, "aende akamwambie mkunga kwamba inanitegemea mimi." Akakunjua mkeka wake chumbani kwangu. Habari ya kurudi Zinga haikutajwa tena.

Mwanangu alizaliwa salama. Nalisema hili kabla ya mahali pake ili msomaji asihangaike nami. Uchungu ulinishika alasiri, nikipepeta mchele. Mama aliona kabla sijasema, akaita jina la mume wangu kwa sauti iliyosikika mpaka baraza ya mbele. Mlango wa kushoto siku hiyo ulifunguka kwa kidole. Wakanilaza kiti cha nyuma, kichwa juu ya mito, miguu imekunjwa kwa sababu gari lile halikutengenezwa kwa ajili ya mtu kulala. Nikadhani mama atajibana nami nyuma. Akaingia mbele, kando ya mume wangu, bega kwa bega, kanga imeanguka mabegani na hakuiinua.

Mume wangu aliinama kuvuta mlango wa kushoto aufunge. Mama akauzuia. Aliushika kwa mkono wake, wazi kidogo, kiasi ulimi wa kitasa usifike kwenye tundu lake, akautoa mguu mmoja nje akaukanyagisha kwenye ubao wa kupandia gari ili auzuie vizuri zaidi.

"Mama," mume wangu akasema, "mlango ukiwa wazi ni hatari. Gari likipinda, mtu anaweza—"

Mama akageuka akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake.

"Endesha," akamwambia.